Sheria ya sigara ya 2003 inamlinda nani? Sisi wa vyumba visivyo na dari tuko wapi?

Binti wa Tandale (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo nashusha uzi kwa sababu sina pengine pa kusemea.

Nimepanga chumba kimoja Tandale, Dar es Salaam. Nyumba ina vyumba vinane, vinne huku vinne kule, korido katikati. Kuta zimeishia kimo cha mtu na nusu, juu hakuna dari, ni mbao na bati tu. Waliokaa nyumba hizi wanajua: wa chumba cha mwisho akikaanga dagaa, wewe wa chumba cha kwanza unajua kama katia ndimu au hajatia.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni dereva wa bajaji, tumwite Baba Shamsa. Anarudi saa tano usiku, anavua viatu, nasikia kiberiti. Ya kwanza, ya pili, siku za mapato mabaya ya tatu. Si mtu mbaya hata kidogo. Usiku mwanangu alipobanwa kifua ni yeye aliyetukimbiza hospitali na bajaji yake, hakuchukua hata mia. Ndiyo, mwanangu anabanwa kifua. Ana mwaka na miezi minne, na tangu Ramadhani tumeshakwenda mara tatu kuwekewa ile mashine ya dawa ya mvuke. Mara ya tatu daktari akaniuliza, nani anavuta sigara nyumbani? Nikasema hakuna. Akaniangalia. Nikasema, jirani.

Nikaenda kwa mjumbe. Akasema, mwanangu, mtu ndani ya chumba anacholipia kodi utampangiaje? Mama mwenye nyumba akasema mwenye shida ahame. Kuhama ni kodi ya miezi sita mkononi, na huko niendako dari vilevile hakuna.

Kabla ya hapo nilifanya kazi baa miaka minne. Sijavuta hata moja maishani mwangu, lakini nikirudi saa tisa usiku nilikuwa natundika nguo nje kwenye kamba kwanza ndipo niingie kulala. Nilipopata mimba nilimwomba meneja anitoe kona ya wavutaji. Akanijibu kona ile ndiyo yenye tipu.

Nasikia kuna sheria. Inasemaje? Na inafika huku kwetu?

Fegi Moja

Dada hama. Uzi ufungwe.

Binti wa Tandale

Nitumie kodi basi kaka, nihame kesho.

Wakili wa Chini ya Mwembe

Mleta mada, pole kwa mtoto. Nijibu la sheria.

Tuna Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Inakataza kuuza kwa aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuvuta katika maeneo ya umma: hospitali, shule, vyombo vya usafiri na kadhalika. Tatizo ni pale inaporuhusu mwenye eneo kutenga sehemu maalumu ya wavutaji. Hiyo ndiyo kona yako ya tipu. Kona ikishatengwa, sheria inahesabu kazi imekwisha. Haiulizi nani anapeleka bia kwenye hiyo kona.

Miaka minne baadaye, Aprili 2007, Tanzania ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Ibara ya 8 inataka watu walindwe na moshi kazini, kwenye usafiri na katika maeneo ya umma ya ndani. Katikati ya mwaka huohuo nchi wanachama zilikutana Bangkok zikapitisha miongozo ya ibara hiyo, nayo haimung'unyi maneno: hakuna kiwango cha moshi kilicho salama, kwa hiyo vyumba vya kutenga, feni na mashine za kusafisha hewa havitoshi, dawa ni mazingira yasiyo na moshi kabisa. Sheria yetu iliandikwa kabla ya hayo yote na inasomeka hivyo.

Chumba cha kulala cha mpangaji hakimo. Ila usikate tamaa. Kuna Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inayozungumzia kero zenye kudhuru afya. Nenda ofisi ya kata muone bwana afya, peleka na karatasi za hospitali. Hata asipotoza mtu faini, bwana afya akisimama koridoni na daftari lake mwenye nyumba huwa anapata masikio.

Muuza Duka Mbagala

Bwana afya anakuja kwa soda au kwa barua?

Nesi wa Zamu

Nimesoma nikiwa kwenye kiti cha zamu, ngoja niandike kabla sijaitwa.

Watu wanadhani moshi unaomfikia jirani ni ule uliokwisha "tumika", yaani mvutaji kachukua kali yake kabakisha hewa. Ni kinyume. Sigara ikiwa imekaa kidoleni, kabla mtu hajavuta tena, inaendelea kuungua yenyewe polepole. Moshi wa ile ncha haujapita kwenye kichungi wala kwenye mapafu ya mtu, na kwa kuwa moto wake ni hafifu kuliko wakati wa kuvuta, sumu nyingi zinatoka humo kwa wingi zaidi. Huo ndio mwingi katika moshi unaoogelea chini ya bati. Ndani yake kuna kemikali zaidi ya 7,000, na 70 hivi zinajulikana kuleta saratani.

Kwa mtoto mdogo ni pumu, nimonia, masikio kutoka usaha kila mara. Njia zake za hewa ni nyembamba kama mrija wa juisi ya pakiti, zikivimba kidogo tu zimeziba. Tena anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo chumba kilekile yeye anakunywa zaidi.

Kwa mkubwa asiyevuta, ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 inasema kuishi au kufanya kazi na wavutaji kunaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na saratani ya mapafu asilimia 20 hadi 30. Mleta mada amesema hajavuta hata moja. Hivyo hivyo walikuwa wanawake wa Japani. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama alitoa utafiti wa wake zaidi ya 91,000 wasiovuta, waliofuatiliwa miaka 14. Walioolewa na wavutaji wakubwa walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Kampuni za sigara zilimshambulia kweli kweli, na tafiti zilizofuata zikaonyesha alikuwa sahihi. Shirika la Afya Duniani linahesabu wasiovuta zaidi ya milioni moja wanaokufa kila mwaka kwa moshi wa wengine.

Nimeitwa. Narudi.

Fegi Moja

Nesi umetisha watu bure. Mama zetu wamepikia kuni na mkaa maisha yote, ndani humohumo, hakuna aliyefungua uzi. Moshi wa jikoni unaua wengi kuliko fegi zangu mbili. Anzeni huko.

Kijana wa Makoroboi

Mkuu, huko kulishaanzwa. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa ziachane na kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Mkakati wa nishati safi ya kupikia ulizinduliwa mwaka huohuo, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Na mifuko ya plastiki je? Tarehe 1 Juni 2019 ilipigwa marufuku, tulicheka, tukasema haiwezekani, tutabebea nini nyama. Leo nani anayo? Serikali ikitaka jambo linakwenda. Kwenye sigara haijataka tu.

Halafu mkaa mama anawasha apate ugali. Fegi unawasha upate nini?

Fegi Moja

Akili itulie. Umewahi kupigwa na trafiki faini mbili siku moja?

Mzee wa Kaliua

Shikamooni walio wakubwa, marahaba walio wadogo.

Kijana wa Makoroboi anauliza kwa nini serikali haitaki. Mimi nalima tumbaku tangu 1988, nitamwambia. Huku Kaliua, Urambo, Sikonge, tumbaku ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo pikipiki ya kijana. Halmashauri inakula ushuru wa tumbaku. Mbunge wa huku akisimama bungeni anasemea bei ya tumbaku na mbolea ifike kwa wakati kwenye AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, hawezi kusimama kusemea mapafu ya Tandale. Simlaumu.

Ila niwaambie jambo ambalo watu wa mjini hamlijui. Nyinyi mnaongelea moshi wa sigara moja. Sisi mtu akivuna asubuhi majani yana umande, maji yale yakimwingia kwenye ngozi, ikifika saa nne anatapika na kichwa kinazunguka bila kuvuta chochote. Halafu linakuja bani, yaani banda la kukaushia. Tumbaku ya mvuke inakaushwa siku sita, saba, moto usizimike usiku na mchana, na anayelala mlangoni kwa bani kuchochea mara nyingi ni kijana wa miaka 13. Kwa wenzetu wa Ruvuma wanaolima tumbaku ya moshi ndiyo kabisa, kule majani yanafukizwa kwa makusudi.

Mimi sivuti. Wakulima wengi wa huku hawavuti. Tunajua kilichomo.

Binti wa Tandale

Marahaba mzee, samahani, shikamoo. Hapo mwisho umenimaliza.

Mla Tende, Mombasa

Salaam kutoka upande wa pili. Sisi Kenya tuna sheria tangu 2007, ikaanza kazi Julai 2008. Ukipatikana wavuta mahali pa watu ni faini hadi shilingi 50,000 za huku au miezi sita ndani, au vyote viwili. Katika miji mingine kumejengwa vibanda vya kuvutia barabarani, waona watu wamebanana humo kama dagaa kwenye mkebe, wavuta hewa ya wenziwe.

Lakini mwajua yuashikwa nani? Miaka iliyopita nikiwa mji mmoja wa bara niliona askari wawili wamemkamata mvuta mkokoteni. Kijana kakaa kwenye kivuli cha mkokoteni wake, kipisi hata hakijafika nusu. Faini ya 50,000 kwake yeye ni kazi ya miezi. Basi wakazungumza pembeni, mkono ukaingia mfukoni, mambo yakaisha. Usiku huohuo mtaa wa pili kuna klabu, ndani humuoni mwenzako kwa moshi, na mlangoni walikuwa wamesimama askari walinda magari ya wateja.

Na shisha vilevile. Ilipigwa marufuku Desemba 2017. Wauliza shisha iko wapi? Fuata harufu ya tufaha.

Basi ndugu zangu, mkidai sheria kali daini pia itamshika nani. Isije ikawa ni fimbo nyingine ya kumchapia maskini.

Binti wa Tandale

Kaka wa Mombasa umesema lililokuwa rohoni mwangu. Mimi sitaki Baba Shamsa afungwe. Akifungwa watoto wake watatu watakula kwangu. Mimi nataka dari.

Mtanzania Kampala

Uganda wamefika mbali kuliko tunavyodhani. Desemba 2002, kabla hata ya sheria yetu, kundi moja la wanamazingira lilikwenda Mahakama Kuu Kampala, na Jaji Ntabgoba akaamua kwamba kuvuta sigara hadharani kunavunja haki ya wasiovuta ya kuishi na ya mazingira safi. Katiba tu, bila sheria maalumu ya sigara. Baadaye wakatunga sheria ya 2015, ikaanza Mei 2016: hakuna kuvuta ndani ya eneo lolote la umma wala kazini, na nje ni mpaka uwe mita 50 kutoka hapo. Hakuna kona ya tipu. Shisha na sigara za umeme nazo zikapigwa chini. Kampuni kubwa ya sigara ikaenda Mahakama ya Katiba, ikashindwa 2019.

Utekelezaji? Inategemea baa na saa. Lakini hapa mhudumu akilalamika ana karatasi ya kushika. Mleta mada hakuwa nayo.

Bosi Kaunta

Mimi nina baa, nisemwe. Kwanza baa zetu nyingi si vyumba, ni makuti na viti vya plastiki, upepo unapita. Moshi gani huo? Pili, mteja anayevuta anakaa muda mrefu na anakunywa. Nikimwambia toka nje ya geti ukavute, anatoka na haendi geti, anakwenda kwa jirani yangu. Mnataka nifunge, hao wahudumu 11 muwaajiri nyinyi?

Binti wa Tandale

Bosi, shikamoo. Nimefanya kazi chini ya makuti kama yako. Nikueleze kitu ambacho wewe wa kaunta hukioni.

Spika zinapiga kiasi kwamba mteja akiagiza husikii. Kwa hiyo unainama, unaweka sikio mdomoni kwake. Mdomo huo ndio umetoka kuvuta. Anakwambia "mbili za baridi moja ya moto" na moshi unatoka pamoja na maneno. Unarudia hivyo meza baada ya meza, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nane. Upepo wa makuti unafika kwa mteja aliyeegemea kiti. Kwangu mimi niliyeinama haufiki. Na ukigeuza uso, mteja anamwambia meneja yule dada ana maringo.

Kijana wa Makoroboi

Nyongeza kwa Bosi. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku uliofanywa Tanzania 2018 ulionyesha watu wazima wanaotumia tumbaku ni asilimia 8.7 tu, kama milioni 2.6. Lakini kati ya waliokwenda baa na klabu, zaidi ya 7 katika kila 10 walikutana na moshi. Kwa hiyo wateja wako wengi hawavuti Bosi, wanavumilia. Ireland walipopiga marufuku baa zote Machi 2004, nchi ya kwanza duniani, walitabiri kiama. Baa zipo mpaka leo.

Bosi Kaunta

Ireland siyo Mbagala. Ila hilo la kuinama sikuwahi kulifikiria, kusema kweli. Basi wote tuzuiwe siku moja, mimi na jirani yangu. Mimi peke yangu sianzi.

Muuza Duka Mbagala

Hapo Bosi kaongea. Hata mifuko ya plastiki nisingeacha peke yangu.

Mwana wa Uvira

Jambo wandugu. Mimi ni mukongomani, tuko Ohio mwaka wa saba sasa, tulipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mada hii inanigusa. Hapa Marekani tangu mwisho wa Julai 2018 nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo zote, mtu haruhusiwi kuvuta ndani ya chumba chake, wala kwenye ngazi, wala karibu na jengo, mpaka atoke kama mita saba na nusu. Ndani ya chumba chake mwenyewe anacholipia! Kwa hiyo mjumbe aliyesema haiwezekani, inawezekana.

Lakini sisi hatumo. Sisi serikali inatusaidia kodi lakini nyumba ni ya mtu binafsi, na hiyo sheria haifiki huko. Wa chini yetu anavuta, moshi unapanda kwenye tundu la hewa la bafu. Mke wangu ameziba na taulo. Dari tunayo, dada. Moshi hauogopi dari.

Nesi wa Zamu

Nimerudi. Mwana wa Uvira kasema kweli, na nilitaka kumwambia mleta mada asije akaingia gharama ya dari ya jipsamu akidhani amepona. Dari inapunguza, haizuii. Moshi unapita chini ya mlango, kwenye tundu la swichi, kwenye ufa. Na unaganda kwenye pazia na godoro, mtoto anaendelea kuunusa mchana mvutaji yuko barabarani. Kitu kimoja tu ndicho kinafanya kazi: sigara iwashwe nje, mbali na dirisha la mtu.

Na Fegi Moja, wewe ukitaka kuacha njoo inbox. Siku tatu za mwanzo ndizo mbaya.

Fegi Moja

Nitafikiria.

Wakili wa Chini ya Mwembe

Nikiangalia uzi huu, hoja ya kisheria ni hii: sheria imechora mstari mlangoni kwa mtu, ikidhani ndani kwake ni kwake. Huo mstari unafaa Masaki, kwa wenye nyumba zao na uzio. Kwenye nyumba ya vyumba vinane, familia nane, choo kimoja na bati moja, hakuna "ndani kwake". Ni eneo la umma lenye kodi. Nikipata nafasi ya kuandika maoni siku sheria ikifumuliwa, nitaanza na ukuta wa Tandale.

Binti wa Tandale

Wakuu, mrejesho baada ya wiki mbili.

Bwana afya sijaenda. Nilianza na mke wa Baba Shamsa, nikamwonyesha karatasi za hospitali. Hajui kusoma vizuri, akamwita Shamsa wa darasa la sita asome. Shamsa akasoma kwa sauti koridoni, "mtoto akae mbali na moshi wa sigara", na babake amekaa palepale anakula. Hakusema kitu. Usiku ule sikusikia kiberiti. Siku ya pili nikamwona nje kwenye mwarobaini karibu na choo, amechuchumaa gizani, kijimoto kinawaka kinafifia. Tangu hapo ni huko huko. Mwanangu hajabanwa siku kumi na moja, nahesabu.

Fegi Moja

Hongera dada. Na mvua ikinyesha?

Binti wa Tandale

Ilinyesha juzi. Alisimama barazani kwenye michirizi ya bati na mwavuli wa Shamsa, ule wa pinki. Nilicheka peke yangu chumbani. Sasa baraza liko chini ya dirisha la Mama Ashura wa chumba cha mbele, naye ana mjukuu wa miezi miwili. Jana asubuhi nimemsalimia Mama Ashura, hajaniitikia.